Lamu Haiishii Shela: Barua ya Wazi kuhusu Kiwayu na Mahame ya Kaskazini

Kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya,
na kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu.

MINTARAFU: KIWAYU, ISHAKANI NA MAHAME YA PWANI YA KASKAZINI

Waheshimiwa,

Mtu akitoka Lamu na kuulizwa alikofika, majibu hayatofautiani sana. Alilala Mkomani au Langoni, akapanda boti hadi Shela kuoga, na kama alikuwa na siku ya ziada akavuka Manda kuyatazama magofu ya Takwa. Hapo safari huisha, na ramani iliyomo kichwani mwake huisha papo hapo. Upande wa kaskazini hubaki neno moja tu, "mpakani", na neno hilo husemwa kwa sauti ya chini.

Barua hii inahusu huko kulikobaki. Imeelekezwa kwa taasisi mbili kwa sababu Katiba ya 2010 iliipasua kazi hii vipande viwili. Jedwali la Nne linaiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti ikapewa utalii wa mahali pamoja na vivuko na bandari. Kwa hiyo ukuta wa msikiti uliochakaa ni wa mmoja, na gati la kumshusha anayekwenda kuutazama ni la mwingine. Kitu kilichogawanywa hivyo ni rahisi kila upande kudhani mwenzake anakishughulikia.

Kuna miji ya mpakani ambayo mgeni huipenda kwa mlima wake. Loitokitok ina Kilimanjaro mgongoni, na hata asiyekuwa na shughuli hapo husimama akatazama juu. Kiwayu haina mlima. Ina mgongo wa mchanga na vichaka, kisiwa chembamba kilichojinyoosha sambamba na bara, na vijiji ambavyo mtu huvimaliza kwa miguu kabla jasho halijamkauka. Lakini akipanda kilima chake na kugeuka pande mbili, anaona jambo ambalo milima michache humwonyesha mtu: mashariki bahari kuu inapiga, magharibi maji yametulia kama yamo sinia, na ng'ambo yake mikoko na bara lisilo na taa. Kimya cha mahali hapo si cha kubuni. Husikika kishindo cha mawimbi upande mmoja na jogoo upande wa pili.

Kufika kwake ndiko kunakofundisha jiografia. Mashua ikitoka Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, na Mkanda tangu zamani ulijulikana kwa adabu zake: maji yakipwa haukupitika, nahodha alisubiri. Baada ya hapo Pate inabaki mkono wa kulia kwa muda mrefu, Mtangawanda, kisha Faza, kisha Ndau, ndipo Kiwayu. Kwa boti ya mashine ni saa mbili hivi. Kwa tanga ni siku nzima, na msimu wa kusi bahari ya nje haichezewi. Ni kama kilomita 50 kutoka mji wa Lamu. Sasa chukua ramani upime upande wa pili: kutoka Kiwayu hadi mpaka wa Somalia ni takriban kilomita 50 vilevile.

Hoja nzima ya barua hii imo katika vipimo hivyo viwili. Kiwayu, ambayo ofisini huhesabiwa kuwa mwisho wa Kenya, iko katikati.

Na haikuwa katikati kwa kipimo cha ramani peke yake. Mpaka unaotajwa leo kana kwamba uliumbwa pamoja na mikoko una miaka mia moja tu. Kabla ya 1925 eneo la Waingereza lilifika mto Juba. Mwaka huo ndipo Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland, ikiwa sehemu ya bakshishi ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mstari ukachorwa karibu na Ras Kiamboni. Wabajuni wa pwani hii waliolala raia wa utawala mmoja wakaamka wamegawanywa. Upande mmoja wakabaki wa Kismayu, Chula, Koyama na Chovai. Upande mwingine wa Kiunga, Kiwayu, Ndau na Faza. Lahaja ni moja, harusi ni moja, chombo ni kimoja. Hawa ndio waliosifika kwa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na kukwekwa tanga la mkeka. Jina lao la pili, Watikuu, huelezwa kuwa limetokana na "ti kuu", yaani ile nchi kubwa ya bara waliyoishi mkabala na visiwa. Mtu anayeitwa kwa jina la bara hawezi kuwa alijihesabu mtu wa pembezoni.

Mahame yaliyotawanyika kwenye bara hilo ndiyo ushahidi. Lugha ina maneno kadhaa kwa kitu hiki na inafaa yatumiwe yote: gofu ni jengo lililobaki kuta, ganjo ni kiwanja kilichokuwa na watu, na mahame ni mji mzima ambao wenyewe waliuhama. Kutoka Kiwayu kuelekea mpakani kuna mahame ya aina zote. Omwe ina makaburi ya mawe yaliyopambwa. Ishakani, kilomita chache tu kabla ya mpaka, ina misikiti na makaburi ya nguzo ya mji wa Waswahili uliokuwa hai kabla ya meli ya Mreno wa kwanza kuonekana.

Kaburi la nguzo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu anayelitazama kwa mbali huona jiwe lililosimama tu. Chini kuna ua wa ukuta mfupi, umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe laini ya kuchongea yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo. Ukuta umegawanywa kwa paneli, na ndani ya paneli kuna nakshi za mistari iliyolala mshazari kama miba ya samaki, au kidaka kidogo kisichoweka kitu. Juu ya ukuta wa upande mmoja nguzo inapanda. Na mara nyingi, kwenye nguzo au kwenye paneli, kuna tundu la mviringo, safi, lenye ukubwa wa bakuli. Hilo ndilo bakuli lenyewe lilipokaa. Wajenzi walipachika vyombo vya kauri kutoka Uchina na Uajemi kwenye chokaa mbichi, na karne nyingi baadaye watu wenye patasi wakaja kuvibandua. Tundu limebaki kama jicho lililong'olewa. Kwenye pwani hii matundu ni mengi kuliko vyombo.

Wizi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mkuyu. Ndege huangusha mbegu juu ya ukuta, mche hutokeza kwenye ufa ukiwa mwembamba kama njiti, na mvua za masika mbili tatu huupa mzizi nafasi ya kuingia. Mche unaoweza kung'olewa kwa vidole viwili mwaka huu, baada ya miaka kumi utahitaji fundi, ngazi na mbao za kuegemeza, na pengine ukuta utaondoka pamoja nao. Kati ya kazi zote za kuhifadhi magofu, hakuna iliyo rahisi kuliko kung'oa miche, wala iliyo ghali kuliko kuchelewa kuing'oa.

Nini hupotea ukuta ukianguka? Shanga inajibu. Mji huo uko kusini ya kisiwa cha Pate, na kwa miaka mingi ulikuwa mahame kama mengine, kuta na vichaka. Kuanzia 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba hapo kwa misimu kadhaa hadi 1988. Chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, wakishuka tabaka baada ya tabaka hadi kwenye alama za matundu ya nguzo za miti ya jengo dogo la karne ya 8. Yaani watu wa pwani hii walikuwa wakisali hapo zaidi ya karne tano kabla ya Ibn Battuta kupita akielekea Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Historia iliyokuwa ikisimuliwa, kwamba miji hii ililetwa na wageni ikiwa tayari imekamilika, ilikwama kwenye matundu yale ya nguzo. Ilionekana kijiji cha watu wa hapahapa kikikua, kikisilimu, kikigeuza miti kuwa mawe. Ishakani haijapata kuchimbwa kwa kina cha Shanga. Kilichoko chini yake hakuna ajuaye, na kila ukuta unaoanguka juu yake hufanya kujua kuwa kugumu zaidi.

Wala isidhaniwe kwamba thamani ya mahame ilisubiri kuletwa na wataalamu wa ng'ambo. Mapema katika karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyobaki kuta akatunga Al-Inkishafi, na utenzi huo mpaka leo husomwa na kufundishwa vyuoni. Huko Shela, watu ambao wazee wao husimuliwa kuwa walihama kutoka Takwa bado huvuka hadi kwenye kaburi la nguzo la Takwa kuomba mvua. Watu hawa hawajaacha kutembelea magofu yao. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza wameyaona nini.

Kwa nini basi wageni hawafiki? Hapa barua hii haina nia ya kuzungukazunguka. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli moja iliyokuwa bara, mkabala na Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe, ambaye aliachiwa Machi 2012. Siku ya kwanza ya Oktoba, Mfaransa mmoja akatekwa Manda. Katikati ya mwezi huohuo jeshi la Kenya likaingia Somalia na mpaka ukafungwa. Ilifuata operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza Septemba 2015, na Januari 2020 kambi ya ndege ya Manda Bay ikashambuliwa. Nchi za nje, Uingereza ikiwa mojawapo, zimekuwa zikiwaonya raia wao wasisogee ndani ya kilomita 60 za mpaka. Kiwayu imo ndani ya mstari huo.

Hakuna anayeomba watalii wapakiwe kesho asubuhi wapelekwe Ishakani. Anayesema hivyo hajui eneo, au anauza vyumba.

Lakini usalama una tabia ya kuwa jibu la kila swali, hata lisilouhusu. Kwa miaka kadhaa baada ya 2011 wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku. Sababu ilieleweka, lakini walioilipia ni watu ambao riziki yao hufuata mwezi na maji, si saa ya ofisi. Na kabla ya hapo vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, viliwang'oa Wabajuni wa vijiji vya bara wakakimbilia Pate, Lamu, Malindi na Mombasa. Mahame mapya yakazaliwa kando ya mahame ya kale. Mtu akitembea kwenye pwani hiyo leo anaweza kukuta msingi wa nyumba ya miaka ya 1960 hatua chache kutoka ukuta wa miaka 600, na vyote viwili vimehamwa. Serikali ilipopakumbuka mahali hapo ilipakumbuka kwa jicho moja, la ulinzi, na jicho hilo likifanya kazi peke yake huona watu wa kuchunguzwa na vichaka vya kufyekwa. Msikiti wa mawe hauonekani humo.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yanapata majina. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nayo ni heshima inayostahili. Eneo lenyewe lililoorodheshwa ni hekta kama 16, katika kaunti ya kilomita za mraba zaidi ya 6,000. Gedi ikafuata 2024. Hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambamo Kiwayu imo, ilitangazwa 1979 na mwaka uliofuata ikatambuliwa na UNESCO kama hifadhi ya bayongahewa. Ndani yake kuna visiwa vidogo vya matumbawe kama 50, kasa wanaopanda kutaga, ndege wa baharini, na nguva waliobaki wachache mno. Kasa wa Kiwayu, kwa maneno mengine, wana stakabadhi zaidi ya misikiti ya jirani.

Hata habari ya ndara zinazookotwa ufukweni Kiwayu inahusu utalii zaidi ya inavyodhaniwa. Upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu hupokea kila kinachotupwa kwingineko: chupa, nyavu, viberiti, na ndara zisizo na mwenzake, za kushoto nyingi na za kulia nyingi, lakini jozi hakuna. Watoto wa hapo walizichonga wakafanya vidau vya kuchezea. Mwaka 1997 Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhifadhi bahari katika hifadhi ya Kiunga, aliviona vitu hivyo. Kina mama wakahimizwa kuokota ndara, kuzisafisha na kuzichonga. Tembo, samaki na twiga wa rangirangi ambao leo huuzwa sehemu nyingi za dunia walianzia ufukwe huo. Biashara ilipokua, karakana ilihamia Nairobi. Baadaye likaja jahazi la Flipflopi, lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda wa Lamu kwa tani kama 10 za plastiki na kuvikwa ndara 30,000. Lilizinduliwa Septemba 2018, na mapema 2019 likatweka kwenda Zanzibar. Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia.

Tatizo ni ile safari ya wazo. Lilizaliwa Kiwayu, likapanda boti, halikurudi na mshahara. Utalii wa magofu unaweza kuondoka hivyohivyo: picha za Ishakani zikauzwa Nairobi, boti zikakodiwa Shela, mwongozaji akatoka Malindi akiwa na maneno aliyoyakariri, na kijiji kikaachiwa kuzoa chupa.

Tena kuna maji. Kiwayu hunywa mvua. Kisima cha chumvi hakimfai mtu, kwa hiyo vijiji vya visiwa hivi hutegemea jabia: sakafu pana ya saruji iliyoinama kidogo, yenye ukingo, inayokusanya mvua na kuiteremsha kwenye birika la chini ya ardhi. Mvua zikikawia, jabia hukauka na maji hununuliwa ng'ambo yakaletwa kwa chombo. Mgeni wa mjini aliyezoea kuoga mara mbili anaweza kumaliza kwa siku moja maji ya kupikia ya nyumba nzima kwa siku kadhaa. Mipango ya utalii huanza kwa kuhesabu vitanda. Kwa Kiwayu ingefaa ianze kwa kuhesabu madumu.

Hayo yakishaeleweka, maombi yanakuwa madogo, na hayakupangwa hapa kwa mpango wa bajeti.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni walinzi. Makumbusho ya Taifa yana sheria ya kutosha. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inatoa uwezo wa kulinda mahali pa kale na kumshtaki anayepaharibu. Sheria haing'oi mche wa mkuyu. Inahitaji mtu, na mtu huyo yuko tayari: mzee wa Kiunga au kijana wa Mkokoni anayepita hapo kila wiki akienda kuvua, kutafuta kuni au kuzuru makaburi. Hahitaji digrii. Anahitaji panga, kipimo cha mkanda, simu yenye kamera, na posho inayofika bila kuombewa dua. Apige picha ukuta uleule, kutoka pembe ileile, kila mwezi. Miaka mitano ya picha hizo itakuwa na thamani kwa mhandisi kuliko ripoti moja nene ya mtaalamu aliyekaa siku tatu. Wanawake nao wasisahauliwe katika ajira hiyo, maana mara nyingi wanaume wakiwa baharini wao ndio wanaobaki na kijiji.

Ushahidi kwamba jambo hili huwezekana uko kusini. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nchini Tanzania, ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufukwe na kuta zilikuwa zikianguka. Mwaka 2014 zikatolewa katika orodha hiyo. Kazi ya miaka hiyo haikufanywa na wageni peke yao. Wanakijiji walishirikishwa, mafundi wa hapo walijifunza kukarabati kwa chokaa badala ya saruji, na mikoko ikapandwa kuvunja nguvu ya mawimbi. Songo Mnara si karibu wala si rahisi kufika, na hiyo haikuwa sababu ya kuiacha.

La pili ni majina. Mahame mengi ya kaskazini yaliorodheshwa na watafiti kati ya miaka ya 1960 na 1970, Neville Chittick na Thomas Wilson wakiwa miongoni mwao, na kazi yao imo maktabani kwa Kiingereza. Ichukuliwe, irudishwe kijijini, isomwe kwa sauti mbele ya wazee, na wazee waulizwe: hapa panaitwaje, nani alizikwa, nani alihama na kwa nini. Maneno yao yaandikwe kwa Kibajuni kama yanavyotamkwa. Wazee wanaokumbuka kijiji cha Ishakani kikiwa na moshi wa asubuhi kabla ya Shifta sasa wana miaka zaidi ya 70. Kazi hii haingoji mpaka kufunguliwa, wala haihitaji mtalii hata mmoja. Ndiyo maana imewekwa mbele ya boti na gati.

Upande wa kaunti, ombi ni gati na ratiba. Pasipo gati, mgeni, mwalimu aliyehamishiwa visiwani na mama mjamzito hushukia majini palepale, nguo zimekunjwa magotini. Chombo cha kuaminika kinachotoka Lamu kwenda Faza, Ndau na Kiwayu kwa siku zinazojulikana, kwa kufuata maji, kingewafaa kwanza wanafunzi na wagonjwa. Mgeni angepanda humo kama abiria mwingine, akalipa nauli inayobaki kwa nahodha wa hapo. Huo ndio utalii wa mahali unaotajwa na Katiba.

Na kuhusu usalama, wakubwa wanaombwa kusema waziwazi. Mtu anayetaka kwenda Kiwayu leo hupewa majibu matatu na watu watatu: inawezekana, haiwezekani, inategemea. Pangekuwa na mahali pamoja Lamu mjini pa kuulizia, penye taarifa ya wiki hiyo, kijiji kwa kijiji. "Msiende" iliyo wazi ni bora kuliko "inategemea".

Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilitangaza kwamba mpaka ungefunguliwa kwa awamu: Mandera kwanza, Liboi baadaye, kisha Kiunga na Ras Kiamboni ndani ya siku 90. Julai ya mwaka huohuo Kenya ikaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Uamuzi huo si wa Makumbusho wala wa Kaunti. Lakini siku moja, mwaka huu au mwingine, lango la Kiunga litafunguliwa, na barabara, ofisi za forodha, maghala na malori yatafuata. Matumbawe ya ukuta wa kale ni kokoto nzuri sana kwa mkandarasi mwenye haraka. Ramani inayoonyesha kila kaburi na kila msikiti, yenye vipimo vya setilaiti na majina ya wenyeji, iwe imeshakaa mezani kwa wahandisi siku hiyo kabla ya tingatinga la kwanza kushushwa.

Ili ombi hili lisibaki maneno ya karatasini, mwandishi anawaalika maafisa wa taasisi zote mbili waende pamoja, chombo kimoja, kaskazi itakapotulia. Waondoke Lamu maji yakiwa yanajaa. Wasikodi ndege. Faza washuke dakika chache wasalimie, maana mji huo uliwahi kuteketezwa na Wareno mwaka 1587 na watu wake wakaujenga tena, na wazee wa hapo hawapendi kupitwa. Kiwayu walale kijijini, nyumba ya makuti, wakae barazani baada ya Isha bila ajenda na bila kipaza sauti. Asubuhi wapande kilima. Kama walinzi wa eneo wataruhusu, wafike Ishakani wakiwa na mwenyeji mbele yao. Kama hawataruhusu, wakae na wenyeji wa Ishakani palepale Kiwayu na kuwasikiliza.

Na wabebe maji yao ya kunywa. Ya kuogea pia.

Wenu katika kuitunza pwani,
Mwandishi